Tepu ya Njano

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024. Asubuhi hiyo mlima Kwaraa haukuonekana. Wingu lilishuka mpaka kwenye mabati ya nyumba za Bagara, na manyunyu yaliyoanza alfajiri yalikuwa hayajakoma Romana alipofungua kufuli la karakana ya marehemu mumewe. Alifanya ishara ya msalaba kabla ya kuvuka kizingiti, akasimama kidogo, akanusa.

Hakukuwa na harufu. Alimshukuru Mungu, akaingia.

Mumewe, Melkiadi, alikuwa fundi wa kusuka transfoma za mashine za kuchomelea. Alifia humu humu ndani, siku ya mvua kama hii, mkononi ameshika mashine aliyoisuka mwenyewe. Umeme wa ukutani ulivuka ukaingia kwenye waya usiotakiwa kuufikia. Watu walisema ni tepu: alifunga ile nyeusi ya kawaida, ikayeyuka. Hakuna aliyeweza kuhakikisha, maana baada ya mazishi mdogo wake, Theophil, aliung'oa ule waya kwa tindo akauuza kama shaba chakavu. Kilichobaki ni kile chuma kizito cha katikati.

Tangu hapo, mvua ikinyesha, Romana humsikia. Ni sauti ya chini, ya mtu anayesali huku mikono yake ina kazi. Salamu Maria moja, mzunguko mmoja wa waya. Ndivyo Melkiadi alivyohesabu maisha yake yote, rozari ikining'inia kwenye msumari juu ya meza. Sauti hufika kwenye "Atukuzwe Baba" ya kufunga rozari, hukatika, kisha huja harufu ya plastiki inayoungua. Romana alimwombea misa, akanyunyiza maji ya baraka kwenye kuta. Sauti haikuondoka.

Alipojiandikisha masomo ya jioni ya umeme, akiwa mtu mzima kati ya vijana, wengi walicheka. Hakuwaambia sababu. Alitaka kukisuka upya kile chuma, safari hii kwa tepu isiyoyeyuka, ili mwenzake apumzike. Theophil naye alikuwa na sababu yake: alipata kazi ya kutengeneza mageti kule Bonga, na mashine hana.

Juma lililotangulia Romana alikwenda dukani kwa Muzamil, anayeuza vifaa vya umeme mjini.

"Mama Blessing, karibu! Shikamoo. Chukua hii nyeusi, ndiyo inayotoka sana."

"Marahaba. Hiyo nyeusi sitaki hata kuishika. Nipe ile nyembamba ya njano, inayofungwa ndani ya transfoma za kiwandani. Na utepe wa pamba, na vanishi."

"Mama, unasuka transfoma au unashona kanzu ya padri?"

"Wewe nipe. Kanzu ikiungua haiui mtu."

Nyumbani aliwasha pasi ya mkaa, akaigeuza juu chini, akabandika vipande vya tepu kwenye bapa lake kama mwalimu alivyowafundisha. Cheusi, alichokiokota chini ya meza ya Melkiadi, kilianza kutoa jasho, kikajikunja, gundi ikavutika kama ulimbo. Cha njano kilitulia. Utepe wa pamba ulibadilika rangi kidogo tu. Romana alipiga magoti pale pale jikoni akasema asante.

Tangu Jumatatu alikuwa anasuka. Alizungusha waya mwembamba, ule unaopokea umeme wa ukutani, huku akisali kwa rozari ile ile ya msumarini. Siku ya pili mvua ilinyesha, na sauti ikaja. Safari hii hakuogopa. Walisali pamoja, sauti yake na ya marehemu, Salamu Maria kwa Salamu Maria, na mikono yake ikaenda bila kuulizwa. Ilikuwa kama kuongozwa njia na mtu anayeijua. Jana alimaliza waya mnene wa juu, unaopeleka moto kwenye mkono wa kuchomelea. Leo ilibaki kukaguliwa.

Saa nne Theophil alifika na bajaji, akiwa na mama yake, Bibi Ursula, aliyejitanda shuka mabegani.

"Shemeji, chombo tayari? Watu wa Bonga wananipigia simu kama wameniposa."

"Subiri mwalimu aipime."

"Kupima nini tena? Tepu umenunua ya kizungu, umeinyunyizia na maji ya baraka. Ikiniua hiyo, nitajua nilikuwa na dhambi."

"Theophil!" Bibi Ursula alimkemea. "Ndani ya chumba hiki?"

Mwalimu Aminiel aliingia akikung'uta mvua. Alikuwa kijana, karibu rika la wanafunzi wake.

"Shikamoo Bibi, shikamoo Mama Blessing."

Waliitikia. Akatoa kipimo chake, akagusisha nyaya, akasoma. Akasoma tena.

"Umeme hauvuki. Salama."

Theophil alipiga makofi, akainama kukibeba chuma. Mwalimu akamzuia kwa kiganja.

"Ngoja, kaka. Kipimo kinaniambia habari za leo tu, ikiwa baridi. Mama, ile tepu kubwa, ya kutenganisha waya wa chini na wa juu, uliifunga wakati gani?"

"Kwenye Atukuzwe, mwalimu," Romana akajibu bila kusita. "Rozari ikiisha ndipo tunafunga tepu. Ndivyo alivyonionyesha marehemu."

"Na hesabu ya mizunguko niliyokupa, iliisha hapo hapo?"

"Hapana. Ilibaki michache. Niliimalizia..."

Aliiangalia mikono yake kana kwamba ameiazima kwa mtu.

"Uliimalizia juu ya tepu," mwalimu akasema taratibu.

"Juu ya tepu."

"Kwa hiyo ile michache inalala uchi chini ya waya mnene. Katikati kuna rangi yake tu, ile ya kiwandani, na rangi hiyo ikipata moto siku nzima..."

Hakumaliza. Romana alikuwa ameshaelewa. Melkiadi naye alikuwa anabakiza michache. Alimwona mara nyingi akiiweka juu, akiifunika kwa kipande cha tepu nyeusi. Hakuna rozari inayojua waya unaishia wapi. Miaka yote hii sauti ilikuwa inakatika pale pale, kwenye Atukuzwe, mahali pa kosa, na yeye alidhani inaomba misa. Wiki hii amemfuata hatua kwa hatua mpaka mahali alipofia, na tepu nzuri ya njano mkononi.

Nje, mvua ilizidi. Bibi Ursula aliinua kichwa.

"Nani anachoma kandambili?"

Theophil alinusa, tabasamu likafutika usoni. Alitazama ukutani. Hapakuwa na kitu kilichochomekwa. Tepu nyeusi haikuwamo tena chumbani humo, hata kipande.

"Mama, nawe unasikia harufu?" Romana aliuliza kwa sauti ndogo.

"Naisikia. Ni ile ya siku ile."

"Itakuwa jirani," Theophil alisema, lakini alikuwa amerudi nyuma mpaka mlangoni. "Shemeji, sikiliza. Mashine imepimwa. Nitafanya kazi ya leo tu, kesho utairekebisha. Nimeshawaahidi watu."

Akasogea tena, akakishika kile chuma akibebe.

Romana alichukua koleo. Aliukata waya mnene katikati, kisha akachokonoa kando akaukata na ule mwembamba, shaba mpya ikang'aa kwenye ncha. Kazi ya wiki nzima ilikuwa imekwisha. Theophil aliacha mdomo wazi.

Romana aliitungua rozari kutoka msumarini, akaivaa shingoni. Alisimama wima mbele ya mama mkwe, shemeji na mwalimu wake, uso akiuelekeza juu ya meza, mahali ambapo sauti hutokea.

"Mnisikie ninyi watatu, na wewe Baba Blessing unisikie. Nitaisuka upya. Nitasali kwanza mpaka mwisho, niseme amina, ndipo nianze kuhesabu. Na tepu nitaifunga pale waya unapoishia. Mashine haitatoka mlango huu kabla mimi mwenyewe sijaiwasha na kuichomelea siku nzima, mpaka ipate moto wake wote. Theophil hatakufa kwa mkono wangu. Naahidi mbele ya Mungu."