Mstari Mweupe wa Kocha Sidonie

Vumbi la chokaa linapanda katika jua la asubuhi, hapa uwanjani Stratford. Nasukuma kigari cha chokaa, na mstari mweupe unanifuata nyuma kama uzi. Nauchora kwa ajili yako, kocha Sidonie. Nauchora nikiuogopa.

Maana maisha yako yote ulivuka. Ulivuka ua wa maghorofa ya Lyon, mama yako wa Lubumbashi akiita chakula kinapoa, nawe huitiki. Ulivuka ukaivaa jezi ya buluu ya Ufaransa, beki wa kushoto, namba tatu, nyasi zikilala nyuma ya mbio zako. Kisha goti likasema basi. Ulilia wiki nzima, ulituambia, halafu ukavuka bahari, ukaja kufundisha timu ya wanawake ambayo bafu lake halijui maji ya moto.

Miguu yako tu ndiyo haikupata habari kwamba huchezi tena.

Mwezi uliopita tulikuwa tunaongoza. Mpira ukabingirika kuelekea benchi letu, bado uko ndani ya mstari, na mguu wako ukatoka wenyewe, ukautuliza kwa ulaini, kama mtu anayempokea mtoto. Kadi nyekundu. Mechi tatu ulitazama kutoka nje ya uzio, na zote tatu tukafungwa. Sasa barua ya klabu imebandikwa mlangoni: tusiposhinda leo, timu inavunjwa.

Naftali, mzee wa Nakuru anayetunza jezi zetu, anakuonyesha kamba ya neti.

“Kocha, leo ukivuka hiyo laini, nakufunga kwa benchi.”

“Funga tu, Papa Naftali. Lakini kamba ikuwe nguvu!”

Mnacheka. Mimi sicheki. Nimemaliza chuo mwaka huu, bado sijui nivuke wapi, na nimejifunza kutumaini kwa kukutazama wewe.

Sare, bao moja kwa moja. Dakika zimebaki mbili. Mpira unabingirika tena, polepole, ukija kwako, kwako wewe, na winga wetu Miska yuko mbali, anakimbia kwa pumzi ya mwisho. Naona kisigino chako kinainuka. Naona goti linakumbuka.

Hukuvuka.

Unaurudisha mguu chini kama anayelaza kitu kinachopumua, na unaita, “Miska, njoo, ni wako!”

Miska anafika mpira ukiwa juu ya chokaa. Anaupiga katikati. Reine, mshambuliaji wetu, anaruka, kichwa, wavu.

Filimbi ya mwisho inapolia, Miska anakurukia shingoni. “Nimeuona mguu wako, kocha! Ulitaka kuniibia!”

“Kidogo tu,” unasema, na machozi yanakutoka.

Jua limegeuka upande wa pili. Mstari wangu umekanyagwa, umefifia kote, ila mbele ya benchi, pale uliposimama, bado mweupe, mzima. Vumbi la chokaa limetua kwenye ncha za viatu vyako. Hulipangusi.

Jumapili ijayo nitauchora tena, bila kuuogopa.