Mbuzi Aliyefungwa Kwenye Kiti

Siku ya nne tangu arudishwe kwao Kakuma, Akal alifungiwa mbuzi kwenye kiti chake cha magurudumu.

Usicheke. Ingekuwa ni wewe ungefanyaje? Umeamka salama, umekalishwa kitini, umesukumwa mpaka mlangoni mwa zizi ambako ardhi ni ngumu na magurudumu hayazami mchangani. Mara wifi yako Namuar, mwanamke mrefu wa maneno machache, anakuja na mbuzi wa kahawia mwenye kichwa cheupe, anamfunga kamba kwenye chuma cha kiti, anakuwekea chombo cha mbao mapajani, halafu huyo anakwenda zake!

"Namuar," Akal aliita. "Huyu mbuzi vipi?"

Namuar akageuka. Akamtazama mbuzi kuanzia pembe hadi mkia. "Vipi kivipi? Si mzima?"

Akaingia nyumbani kwake. Akal akabaki ametumbua macho, mbuzi naye akamtumbulia yake.

Akal alikuwa na miaka thelathini na minne. Homa ilimuua miguu akiwa na miaka minne, na alipotimiza sita akachukuliwa na gari la wafadhili mpaka Lodwar, kwenye makao ya watu wenye ulemavu. Huko akakaa miaka ishirini na minane. Huko kila kitu kilikuwa na kengele yake: kengele ya kuamka, kengele ya uji, kengele ya kuoga, kengele ya sala. Hata kiu ilijifunza kungoja kengele. Alikuwa na kikombe chake cha bati kilichoandikwa namba 14 kwa rangi nyekundu, na matroni, Mama Helen, hakuwahi hata siku moja kusahau kukijaza chai. Mama Helen alikuwa mwema, tusimsingizie. Ila wema wake haukumwachia mtu kazi. Ukitaka kushuka chini kuokota sindano, utamsikia: "Akal! Usishuke chini, utachafuka!" Basi Akal akazeeka nusu bila kuchafuka.

Kisha likaja agizo kwamba makao yafungwe, watu warudi wakaishi na jamii zao. Aliyeletwa kulisimamia alikuwa binti wa Busia, Madam Sylvia, mwenye gari la pikapu na kitabu cha mwongozo kilichojaa picha za njia za kupandishia viti na vyoo vya milango mipana. Kizuri sana kile kitabu. Mbuzi hakuwamo hata mmoja.

"Tutakupa siku thelathini za kujaribu," Madam Sylvia alimwambia. "Ukiona hawakutunzi, nipigie simu nije nikutoe. Lakini nikuambie ukweli, Akal. Hapa Lodwar tunafunga mwisho wa mwezi. Nikikutoa kwa ndugu yako, itabidi nikupeleke makao mengine, huko Kitale."

Kitale! Akal hakuwa na mtu Kitale, hata wa kumsalimia kwa Kiturkana, ejok. Basi huku ni ndugu asiowajua vizuri, kule ni wageni watupu, na katikati hakuna pa kukaa. Aliingia kwenye pikapu akiwa amekipakata kikombe chake namba 14 utadhani mtoto mchanga.

Siku tatu za kwanza zilikuwa asali. Kaka yake Etabo, ambaye alikuja Lodwar kumwona mara tano tu katika miaka yote hiyo, alimbeba kutoka kwenye gari kwa mikono yake mwenyewe, akalia bila kuona haya. Beberu akachinjwa. Namuar na mke mwenzake mdogo, Atiir, wakamletea Akal chai nyeupe kwa maziwa, asubuhi na jioni. Siku ya tatu Etabo akaswaga mifugo kwenda upande wa Nakalale kutafuta malisho, akaacha mbuzi wachache wa maziwa nyumbani.

Siku ya nne ndiyo hiyo ya mbuzi na kiti.

Waswahili wana msemo wao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini huku jembe ulime nini, mawe?

Chai ya siku hiyo ilikuja ya rangi. Nyeusi tii. Akal akadhani wamepungukiwa, akanywa hivyo hivyo. Lakini pale alipokaa alimwona Atiir akinywa chai nyeupe mlangoni kwake, na Namuar naye nyeupe mlangoni kwake. Nyeusi ni yake peke yake. Siku ya tano nyeusi. Siku ya sita nyeusi. Siku ya saba moyo ukamjaa, akauliza.

"Namuar, maziwa yameisha?"

Namuar akashangaa kweli kweli. "Yaishe wapi? Si unayo?"

Haya, mwambie mtu kitu gani hapo! Akal aliona anakejeliwa mchana kweupe. Akainamia kikombe chake ili wifi yake asiyaone machozi.

Na kila asubuhi mambo yalikuwa yale yale. Kiti mlangoni mwa zizi, mbuzi kwenye chuma, chombo mapajani. Mbuzi alilia, akajikuna kwenye gurudumu, akatafuna pindo la sketi. Jua likipanda, Namuar alikuja, akachungulia ndani ya chombo, akakikuta kitupu, akasonya kidogo, akamfungulia mwanambuzi akamnyonya mama yake mpaka tone la mwisho. Kisha akakichukua chombo bila neno. Akal aliuhesabu msonyo ule kila siku na hakujua amekosa nini. Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini yeye aliuliza mara mbili na mara zote mbili akajibiwa kwa swali.

Siku ya kumi na moja ndipo mambo yakaharibika. Zizi la Etabo liko karibu na barabara iendayo kambi ya wakimbizi. Kijana wa bodaboda akapita, akamwona mwanamke kwenye kiti, miguu imenyauka, chombo ki wazi mapajani. Akapunguza mwendo.

"Sista, shika ya chai," akasema, na sarafu ikalia ndani ya chombo.

Akal akaikodolea macho ile sarafu. Aliwahi kuwaona, sokoni Lodwar, wenzake waliotolewa na jamaa zao asubuhi na bakuli, wakarudishwa jioni. Mama Helen alikuwa akiwaonyesha kwa kidole: mnaona nje kulivyo? Kumbe ndicho hiki! Ndiyo maana amewekwa barabarani. Ndiyo maana ya chombo, ndiyo maana Namuar huja kuchungulia na kusonya. Ametolewa kuomba!

Lakini mbuzi je? Mbuzi wa nini kwenye kuomba? Akawaza mpaka kichwa kikamuuma. Labda ni wa kumzuia asijisukume akatoroka.

Namuar akaja, akaiona sarafu. Uso wake ukabadilika. Aliinyakua akaitupa ng'ambo ya barabara kwa nguvu zake zote, kisha akakibeba chombo akaenda kukisugua, akakifukiza kwa moshi wa kijinga cha moto huku akigomba peke yake. Sasa Akal akapotea kabisa. Kama anaombeshwa, mbona sadaka inatupwa? Au ilikuwa ndogo?

Akatoa simu yake ya kabambe mfukoni, akampigia Madam Sylvia.

"Njoo unitoe," akasema. "Wananinyima maziwa. Wamenifunga na mbuzi. Nafikiri wananiombesha."

"Unafikiri au wanakuombesha?"

"Sijui, Madam! Sielewi chochote hapa! Njoo tu."

Madam Sylvia akafika kesho yake kabla ya saa nne, amekunja uso. Alikuta kila kitu kama alivyoambiwa: kiti, kamba, mbuzi, chombo, chai nyeusi imepoa kwenye kikombe namba 14. Akapiga picha. Akaandika kwenye fomu yake mistari mitatu ya hasira. Hakuingia nyumbani kumuuliza mtu, kwa maana ushahidi si ulikuwa umekaa wazi? Akaifungua kamba kwenye kiti, akamwita dereva, wakamwinua Akal wakamweka kiti cha mbele. Kiti cha magurudumu kikatupwa nyuma. Alilolitaka Akal limekuja, na halikuwa tamu.

Namuar akatoka mbio nyumbani kwake, Atiir nyuma yake.

"Mnampeleka wapi?"

"Tunarudi naye," Madam Sylvia akasema kwa sauti ya ofisini. "Mambo yote nimeyaona."

Namuar akasogea dirishani. Akamtazama Akal, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa wa mtu aliyeachwa njia panda. Kisha akageuka, akamshika yule mbuzi wa kahawia miguu, akamwinua hobela hobela akamtia nyuma ya pikapu. Akamtia na mwanambuzi. Akakiweka chombo cha mbao juu ya magoti ya Akal.

"We mama, we mama!" dereva akapiga kelele. "Hii ni gari ya ofisi!"

"Huyo mbuzi ni wa nini?" Madam Sylvia akauliza.

Namuar akatafuta Kiswahili chake. "Hii mbuzi ni yake. Huko atakunywa nini?"

"Huko atapewa maziwa. Makao hayapokei mbuzi, mama."

"Atapewa na nani?"

"Na... na wenye makao."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Namuar akamgeukia Akal, akaiacha lugha ya watu, akasema kwa Kiturkana, polepole, kama mtu anayeogopa jibu. "Kwa hiyo huko ulikokuwa, ulikuwa mgeni miaka yote hiyo? Hata mbuzi mmoja hukuwa naye?"

Akal akageuka kumtazama mbuzi nyuma ya pikapu. Ndipo akasema, "Kwani huyu ni wangu?"

"Ala! Ni wa nani mwingine?" Namuar akaweka mikono kichwani. "Etabo hakukuambia? Alisema mama yenu alikuambia! Siku ulipochukuliwa na lile gari, mama yenu alitenga mbuzi mmoja jike, akasema huyu ni wa Akal, akirudi asikute mikono mitupu. Huyu ni uzao wake. Walifika kumi na mmoja, Akal. Ukame ukawala, wezi wakawala. Mwaka ule wa njaa mbaya tuliuza wangu, tukauza wa Atiir, Etabo akakataa katakata kumuuza wa kwako. Amebaki huyu."

"Basi mbona hukunikamulia?"

"Nikukamulie mbuzi wako?" Namuar akarudi nyuma hatua moja. "Mimi niguse mbuzi wa mwanamke mwenzangu, na yeye mwenyewe amekaa hapo na mikono yake mizima? Ungeniona mtu gani? Hata Atiir simkamulii wake mpaka awe mgonjwa kitandani. Nilikuletea karibu kwa sababu ya miguu. Kila siku nakuta chombo kitupu, nasema labda hawapendi mbuzi wetu, labda anatudharau, mtu wa Lodwar."

Atiir akaongeza, "Na sisi tuliogopa kukuambia. Nani humwambia mtu mzima akamue?"

Akal alilia sasa, hakuficha. Alimlilia mama yake, ambaye hakumkumbuka sura, na akawalilia mbuzi kumi asiowahi kuwaona. Madam Sylvia alikuwa ameshika kalamu hewani. Aliitazama ile mistari yake mitatu, akamtazama mbuzi, akarudi kwenye mistari. Hakujua afute ipi, kwa sababu hakuna uliokuwa uongo.

"Nishusheni," Akal akasema.

Dereva akaenda kukishusha kiti cha magurudumu.

"Sio kitini. Chini."

"Utachafuka," Madam Sylvia akasema, ikamtoka tu.

"Nitachafuka, ndiyo."

Wakamshusha mavumbini, kwenye samadi kavu ya mlango wa zizi, naye Namuar akamteremsha mbuzi na mwanambuzi. Akajivuta kwa mikono, mikono iliyosukuma magurudumu tangu utotoni na yenye nguvu kuliko ya dereva, mpaka nyuma ya mbuzi wake. Namuar akachuchumaa kando, akakamua hewani kuonyesha, bila kugusa. Mara ya kwanza halikutoka tone. Mara ya pili maziwa yakaruka yakamwingia Akal sikioni, Atiir akacheka mpaka akakaa chini. Mbuzi akapiga teke. Akal akamtukana mbuzi kwa Kiturkana, tusi alilolisikia mara ya mwisho akiwa na miaka sita na hakujua kama bado analo. Namuar akapiga makofi. Mwishowe yakapatikana, na hayakufika robo ya chombo, na ndani mlikuwa na unywele mmoja wa mbuzi.

Madam Sylvia akachuchumaa karibu naye, fomu gotini. "Akal, niambie ukweli. Unakaa au tunakwenda? Mimi sijui tena niandike nini."

"Na mimi sijui, Madam," Akal akasema. "Sijui hata nitaoga saa ngapi hapa, kengele hakuna. Kwanza ngoja."

Akamwaga ile chai nyeusi iliyopoa. Akaomba ya moto kwa Namuar, akaletewa sufuria ya chai inayotoka mvuke. Akakijaza kikombe namba 14 nusu, akamimina maziwa juu yake, yote, mpaka chombo kikabaki kitupu, akautoa ule unywele kwa ncha ya kidole. Miaka ishirini na minane kikombe kile kilijazwa na wengine. Akamnyooshea Madam Sylvia kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni.

Madam Sylvia akanywa funda moja. Chai ilinuka moshi na mbuzi. Akakunja pua kidogo, akataka kukiweka kikombe chini.

"Maliza," Akal akamwambia. "Hayo ni maziwa yangu."