Meza Ndefu ya Hajji Mutwalibu

“Enyi wafanyakazi wa ghala hili, sikieni! Kuanzia leo, siku ambayo wajukuu zenu watahadithiwa, mfanyakazi atakuwa wa kwanza, na mimi, Hajji Mutwalibu, nitakuwa wa...”

“Kokorikoo!”

Jogoo aliwika humo humo ndani ya kipaza sauti, kwa nguvu iliyovuka mpaka na kusikika Busia ya upande wa Kenya. Wapagazi walijiangusha juu ya magunia kwa kicheko. Wanawake wachambua maharage walijifunika nyuso kwa nyungo zao. Hajji akakitikisa kipaza sauti, akachungulia ndani kana kwamba atamwona jogoo ameketi, kisha akaimalizia hotuba mbio mbio. Binti yake Rehemah, aliyesimama karibu yake kando ya mizani na uso mkavu kama wa kadhi, alirudisha simu yake mfukoni.

Hajji alikuwa ametoka semina Tororo. Huko bwana mmoja wa suti aliwafundisha wafanyabiashara kwamba anayemhesabu mfanyakazi wake kama gunia, siku moja atalibeba gunia mwenyewe. Hajji aliguswa. Alirudi na kofia ya bure na wazo la meza: meza moja ndefu ya mninga, ambapo bosi, dereva, mpagazi na mchambuzi wangekula pamoja kila adhuhuri, kama familia.

Rehemah alifurahi kuliko wote. Alikuwa amemaliza shule ya bweni, akisimamia mizani huku akingoja matokeo, na tangu likizo za zamani alikuwa akimsihi baba yake awapikie watu hawa waliokula mihogo wamesimama. Yeye ndiye aliyemleta Rukiyah, aliyekuwa akiuza chapati juani nje ya lango. Rukiyah akawa mpishi, akanunuliwa sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea.

Siku ya kwanza wali ulinukia mpaka forodhani. Akiteng, mama kutoka Mukuju ambaye vidole vyake hulitambua jiwe kabla ya macho, aliketi na wachambuzi wenzake. Kisha Imalingat, mkuu wa wapagazi, akaingia na sahani yake, akiimba. Akamwona Akiteng. Wimbo ukamkwama kooni. Akageuka kama aliyekanyaga kaa la moto, akatoka. Akiteng akajitupia leso usoni, akatokea mlango wa pili. Wapagazi wakamfuata mkuu wao, wanawake wakamfuata mama yao. Hajji akabaki peke yake mezani, na mlima wa wali mbele yake.

“Wamenisusia!” alimwambia Rehemah. “Nimewapa mninga, wamenisusia!”

“Baba, Imalingat amemwoa binti ya Akiteng. Kwao Wateso, mtu hali mbele ya mama mkwe wake. Hata kutazamana ni aibu.”

“Usiniletee hadithi za bweni. Mbona wanafanya kazi ghala moja miaka yote hii?”

“Na mbona Imalingat hukohoa kila akikata kona?”

“Ana kifua. Nimempeleka hospitali mara mbili.”

Imalingat alikuwa na kifua cha fahali. Alikohoa ili mama mkwe wake asikie na apitie kwingine. Ghala zima lilijua, isipokuwa mwenye ghala. Hakuna aliyewahi kumweleza, kwa kuwa mlango wa ofisi yake ulikuwa na ubao ulioandikwa GONGA KISHA USUBIRI, na waliogonga walikuwa bado wanasubiri.

“Semina ilisema meza moja,” Hajji alihitimisha. “Familia moja, meza moja!”

Kwa hiyo meza ikaendelea kukaa tupu, na familia ikaendelea kula mihogo nyuma ya malori. Ajambo, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, alituma salamu kwa wapagazi: kwake hakukuwa na meza, ila kulikuwa na kivuli, na nafasi zilikuwa wazi. Alhamisi Hajji akachoka.

“Kesho nikirudi msikitini nikiikuta meza tupu, jiko nalifunga. Rukiyah atarudi kwenye chapati zake.”

Rukiyah aliisugua ile sufuria taratibu, kama anayemwogesha mtoto anayekwenda safari. Rehemah alishindwa kumtazama.

Ijumaa, gari la Hajji lilipopotelea njia ya msikitini, Rehemah alijifungia ofisini na kipaza sauti. Shuleni alisifika kwa kuiga sauti ya matroni. Jioni moja aliwalaza wasichana wa bweni zima kabla jua halijatua. Sauti ya baba yake hakuwa ameijaribu, lakini kipaza sauti kile kilikuwa kibovu kiasi kwamba hata kitoto kichanga kingelia humo, ungesikia mzee mwenye mafua. Akaziba pua.

“Wafanyakazi! Mimi Hajji, nasema kwa simu nikiwa njiani. Nilikosea. Meza ni yenu: ikateni, igeuzeni, ining'inizeni darini mkitaka. Kila mtu akae anapoona pema, tafadhali. Na nikirudi nitawapakulia kwa mkono wangu mwenyewe. Asanteni. Sasa zimeni taa, wasichana.”

Maneno ya mwisho yalimtoka yenyewe, kwa mazoea. Akabaki ameushika mdomo.

Vigelegele vikapasuka ghalani. Imalingat aliitisha msumeno, Rehemah akautoa stoo, na mninga ukakatwa katikati. Turubai la lori likafungwa juu ya boriti, likashuka kama pazia la harusi: wanawake upande huu, wapagazi upande ule.

Hajji alirudi na kanzu yake nyeupe, akasimama mlangoni. Aliitazama meza yake, sasa meza mbili. Akafungua kinywa. Kisha akaona mabenchi yamejaa pande zote mbili, na Imalingat akimnyoshea upawa.

“Hajji, sisi nangoja wewe. Si ulisema mwenyewe?”

Hajji aliutazama upawa. Hakukumbuka kusema. Lakini ni mtu gani hukataa jambo zuri alilosingiziwa mbele ya watu wake wote? Akapandisha mikono ya kanzu, akapakua.

“Wewe turubai,” Akiteng aliliambia pazia, “muulize huyo wa upande wa pili, mwanangu anamlisha nini, mbona amekonda?”

“Turubai,” Imalingat akajibu, “sema kwa mama, mtoto yake nakula mpaka jirani nalalamika!”

Mabenchi yalitikisika. Hajji alicheka hadi mchuzi ukamwagikia kanzu.

“Kumbe kile kikohozi...”

“Ni adabu, Hajji,” Imalingat alisema. “Lakini daktari yako alikuwa mtu mzuri.”

“Rukiyah!” Hajji aliita, akifuta machozi. “Kesho ongeza mchele! Na mtu aung'oe ule ubao mlangoni kwangu!”

Vigelegele vikarudi. Rehemah aliketi mwisho wa benchi la wanawake. Ndipo Akiteng akaliweka tonge chini.

“Tumeshukuru, Hajji. Ila jambo moja. Mbona ulituambia tuzime taa adhuhuri hii? Na Imalingat na ndevu zake zile, naye ni msichana?”

“Na ile tafadhali!” Rukiyah akadakia. “Hajji kusema tafadhali! Nilidhani ameugua.”

Upawa ulisimama hewani. Hajji aligeuza shingo polepole kuelekea mwisho wa benchi, ambako binti mmoja alikuwa amegundua jambo zito sana ndani ya wali wake.

“Rehemah.”

Alisimama, akamwendea. Njiani kutoka benchini alikuwa ameandaa utetezi mzuri, wenye dereva wa lori ndani yake na shetani kidogo. Kisha akamwona baba yake, kanzu imechafuka mchuzi, midomo ikimtetemeka kwa kuzuia jambo ambalo halikuwa hasira, na utetezi wote ukamwishia.

“Ni mimi, Baba. Nilisema kwa sauti yako.”

“Na mninga wangu?”

“Msumeno niliutoa mimi.”

“Kuna jingine?”

Rehemah akaitoa simu yake mfukoni. Pande zote mbili za turubai, vichwa viliinama kusikiliza.

“Na yule jogoo.”