Wanaoulizia Ukoo wa Kanaeli

1.

TANGAZO LA NDOA (mara ya kwanza)

Wanatangaziwa washarika wote kwamba Bwana Sifaeli Mndeme wa Suji na Binti Eliwaza Kanaeli Mbwambo wa mtaa wetu wanakusudia kufunga ndoa takatifu. Mwenye kujua kizuizi chochote afike ofisi ya mchungaji kabla ya

Hapo mzee wa kanisa alikohoa. Nakijwa, mama yake Eliwaza, akainua macho kutoka kwenye kitabu cha nyimbo aone ni akina nani wamegeuza shingo kumtazama.

Walikuwa wengi.


2.

Kwa wewe usiyetoka huku milimani Upareni: posa haimaliziki kwa mahari na soda. Upande wa mwanamume hutuma mtu. Hajitambulishi. Anakuja na shughuli yake, anaomba maji ya kunywa, anasifu migomba, halafu anauliza. Kwao kuna kifafa? Kuna wizi? Kuna aliyewahi kuchanganyikiwa?

Akirudi na neno baya, posa inapoa, wala hutaambiwa sababu.

Nakijwa, mjane wa Kanaeli, alikuwa anamngoja mtu huyo. Alifagia uwanja mpaka udongo ukang'aa. Katika sala za asubuhi aliongeza ombi moja: Bwana, nioneshe sura yake kabla hajafungua mdomo.


3.

Yale ambayo mtu huyo asiyajue:

kwamba marehemu Kanaeli, kabla presha haijamchukua, alilala msimu mzima uso ukutani, mwili hauna homa, tangawizi ikaoza ardhini

kwamba baba yake Kanaeli naye alilala hivyo hivyo

kwamba Elieneza, mdogo wake Kanaeli, alifukuzwa shule kwa kupiga watu, na mpaka leo akikasirika watoto wanakimbilia kwa jirani

kwamba Eliwaza, tangu masika yaanze,


kwamba Eliwaza


4.

(Ukipita nyuma ya nyumba ungewasikia.)

"Eliwaza, umeamka?"

"Nimeamka, mama."

"Umeamka umekaa, au umeamka umelala?"

Blanketi likavutwa.

"Toka nje mwanangu, ujianike kidogo. Watu wakipita wakuone."

"Wanione nini?"

"Wakuone tu. Na ukiwa nje usijiinamie. Unajiinamia kama baba yako."

"Kila siku baba. Nikila kama baba, nikikaa kama baba. Mama, hebu niache nikae kama mimi."

"Sasa wewe ndiyo unakaaje?"

Kitanda kililia, ukuta ukapokea uso.


5.

KITUO CHA AFYA
TANGAZO KWA WANANCHI WOTE

Watafiti wa afya ya akili watapita kaya kwa kaya kuuliza juu ya huzuni ya muda mrefu na matatizo ya tabia, na jinsi hali hizo zinavyojitokeza ndani ya familia. Watachukua pia mate kidogo kwa ajili ya vipimo. Kushiriki ni hiari. Majibu yatakuwa siri.

Nakijwa alilisoma mlangoni mwa ofisi ya kijiji, kidole kikitembea chini ya maneno.

"Karatasi," alimwambia jirani yake Mama Tumsifu. "Hata mimi naweza kubandika karatasi."

"Ina mhuri, shoga."

"Mhuri unachongwa kwa ndala."

"Haya, watu wa Suji wametengeneza serikali nzima kwa ajili ya Eliwaza wako."

Mama Tumsifu alicheka peke yake.


6.

Akaja.

Msichana wa Tanga, kajifunga ushungi wa kijani, mkoba begani. Aliomba maji ya kunywa. Akasifu migomba.

Nakijwa akamshukuru Mungu kimoyomoyo: nimemwona.

"Shikamoo mama. Naitwa Mwanaidi, natoka kwenye ule utafiti."

"Marahaba mwanangu. Karibu sana. Uliza."

Katika familia yenu, kuna aliyewahi kukaa muda mrefu bila kufurahia kitu?

Hakuna. Sisi ni watu wa kucheka.

Upande wa marehemu baba?

Huyo ndiye alikuwa anatuchekesha.

Kuna mwenye hasira zisizozuilika, kupiga, kuvunja?

Watu wa sala wavunje nini?

Binti alikuwa na umri gani alipofiwa na baba yake?

Mdogo. Hakumbuki.

(Anakumbuka.)

Naweza kuongea naye mwenyewe?

Ameenda kisimani.

(Nyuma ya ukuta kitanda kililia.)

Mwanaidi aliacha kuandika. Akautazama ukuta, akamtazama Nakijwa, akatoa kichupa cha mate. Nakijwa akakirudisha mkononi mwake taratibu, kama mtu anayemrudishia mgeni chenji iliyozidi.

"Mate ya mtu hayaachwi ovyo, mwanangu. Nenda na amani. Wasalimie waliokutuma."

"Walionituma?"

"Wasalimie tu."


7.

Mpelelezi akishaondoka, mtu anapumua. Utamlaumu Nakijwa? Alikuwa amebeba mzigo ule tangu siku ya posa, na sasa ameutua.

Ndiyo maana yule mnunuzi wa tangawizi alipokuja na mizani yake, mama wa makamo, mnene, mcheshi, kajitambulisha kwa jina la Mama Ruthi wa Hedaru, Nakijwa alikuta moyoni mwake mlango uko wazi. Waliketi juu ya magunia. Walimenya viazi pamoja. Mama Ruthi alimsema mume wake wa kwanza mpaka Nakijwa akashika mbavu.

"Wako alikuwaje, dada?"

"Wangu? Mpole. Ila kuna wakati alikuwa anazima. Kama taa. Unamwita yupo, lakini hayupo."

"Masikini. Na watoto hawakumchukua?"

Nakijwa aliendelea kumenya.

"Huyu binti," alisema, "naona kama naye"

Akamaliza. Maneno yote aliyomnyima msichana wa ushungi alimpa mwenye mizani. Aliyasema kwa utulivu, na mwisho akajifuta macho kwa kitenge akaona mwili mwepesi.

Mama Ruthi akamshika mkono. Akaondoka bila kupima tangawizi.


8.

TANGAZO LA NDOA (mara ya pili)





Halikusomwa. Mzee wa kanisa aliruka kutoka sadaka ya mavuno kwenda kwenye kwaya.

Nje ya kanisa, Mama Tumsifu:

"Shoga, yule mama wa mizani aliyekuwa kwako."

"Mama Ruthi. Wa Hedaru."

"Hedaru gani? Nimemwona msibani Suji, anagawa chai kama mwenye nyumba. Ni shangazi yake Sifaeli."

Nakijwa alisimama palepale. Washarika wakampita kulia na kushoto.

"Na yule wa ushungi?"

"Yule ni wa utafiti, Mama Eliwaza. Si nilikwambia ina mhuri?"


9.

Basi jioni hiyo Nakijwa hakula. Aliikuta hesabu yake imepinduka: aliyetaka kumtibu mtoto kamdanganya, aliyetaka kumkataa mtoto kamwambia ukweli. Alipiga magoti akakosa ombi. Angeomba nini? Posa irudi? Au

Alinyanyuka akaenda chumbani kwa Eliwaza. Kwa mara ya kwanza tangu masika hakumwambia ainuke. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Suji wamenyamaza," alisema.

"Najua." Uso ulikuwa bado ukutani. "Mama, mimi nilichoka kabla hawajanyamaza."


10.

Asubuhi alimfuata Mwanaidi kituo cha afya.

"Anza upya," alimwambia. "Yale niliyokujibu yafute."

"Yote?"

"Bakiza jina langu."

Akamtaja Kanaeli, na baba yake, na Elieneza. Halafu akauliza lile moja lililobaki.

"Kwa hiyo ni damu? Imeshaandikwa?"

"Damu ina sehemu yake, mama. Lakini wapo wengi wenye damu hiyo wasiougua. Kuna na mengine. Kufiwa ukiwa mdogo. Maneno anayosikia mtoto kila siku juu yake mwenyewe. Kuchungwa sana."

Nakijwa alimtazama kwa jicho lile lile la siku zote, jicho la kutafuta nani kamtuma. Hakumwona aliyemtuma.

"Kuchungwa," alirudia.

"Ndiyo, mama. Na inatibika. Ila lazima niongee naye yeye, wewe ukiwa mbali."


11.

Mbali ni wapi, kwa mama?

Alisimama ukingoni mwa uwanja, mgongo kwa nyumba. Dirisha la Eliwaza lilikuwa wazi. Sauti ya Mwanaidi ilikuja, fupi. Kisha ya Eliwaza. Nakijwa akasogea hatua mbele, sauti ikafifia. Akasogea tena.

Hapo ndipo alipomwona Mama Ruthi anapanda njia. Hana mizani leo. Kavaa kitenge cha heshima, na nyuma yake hakuna mtu.

"Hodi, dada."

"Hujanipimia tangawizi yangu."

"Nimekuja kwa jingine. Wenzangu wamenituma nikuulize, na mimi mwenyewe nilitaka kuja, maana kwetu pia wapo wanaozima kama" Akatazama dirisha. "Nani anaongea mle ndani? Mnaongea habari zetu?"

Zamani Nakijwa angekimbilia kufunga dirisha. Alinyoosha mkono tu, kiganja wazi, akamzuia mgeni palepale njiani.

"Ngoja kidogo, shangazi. Mtoto anaongea."