Njia Isiyo na Upana

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mchoraji ramani alifungua kompyuta, akapangusa kioo kwa mkono wa shati, akaanza kuukata uwanja wa mradi kuwa pembetatu. Kompyuta ile, kwa maringo yake yote, haikujua umbo lingine. Ukitaka ikupimie ardhi, lazima kwanza uimegee pembetatu. Uwanja huo ulikuwa na tundu katikati. Tundu lenyewe lilikuwa nyumba ya shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka minne, na ambaye alikuwa amegoma kuhama kuupisha mradi.

Programu ya ofisi haikuelewa matundu. Ilibidi avute mstari mmoja kutoka ukingo wa nje hadi kwenye tundu, ili mpaka uingie kwa mstari huo, uizunguke nyumba, kisha utoke palepale ulipoingilia. Alichagua mstari mfupi kuliko yote, kutoka barabarani hadi mlango wa jikoni wa shangazi. Chini yake palikuwa na fomu yenye nafasi ya kujaza upana wa njia itakayopita hapo. Mkubwa wake alikuwa amemsimamia mgongoni akitaka kazi, basi akaiacha tupu, akijiambia ataijaza baadaye. Programu ikaandika sifuri, ikatoa pembetatu mia tatu na kumi na mbili.

Waashi waliifuata ramani kama ilivyo. Kufikia Ijumaa ya pili, ukuta ulikuwa umeizunguka nyumba pande zote, na kutoka mlango wa jikoni hadi barabarani kulikuwa na njia ya mita tisini na nne, isiyo na upana wowote. Fundi mkuu aliipima mara mbili, akatia sahihi, akaenda kula.

Jumanne shangazi alifika ofisini. Alikuwa amepita njia hiyo kiubavu, na ilikuwa imembana hadi akawa mwembamba kama shuka lililotoka kupigwa pasi. Katibu muhtasi alimvutia kiti, akaona hakitamfaa, akamwegemeza kwenye kabati la mafaili na kuzima feni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njia nimeiona, ahsante. Sasa niongezee upana kidogo. Kitanda hakitoki, na dumu la maji haliingii."

Mchoraji aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Alikwenda kwa mkubwa akamweleza yote, pamoja na ile nafasi aliyoiacha tupu, akaomba mita moja tu. Mkubwa alisikiliza vizuri. Alisema ramani imeshapitishwa, na mita moja ingevuruga pembetatu zote. Kisha akachungulia mlangoni, akamtazama shangazi pale kabatini.

"Lakini si amepita?"

Mchoraji alinyamaza. Ukimya huo anaujutia kuliko hata fomu.

Siku hizi shangazi huchota maji kwa kulowesha taulo bombani, akapita nalo, akalikamulia sufuriani. Mchoraji humtembelea kila Jumapili. Alijaribu kuingia, tumbo likakataa, kwa hiyo huongea naye akiwa amebandika shavu ukutani. Jumapili moja alimwambia kweli yote.

"Ile nafasi niliiona, shangazi. Ilikuwa kuandika namba moja tu."

"Najua. Hata kazi za shule ulikuwa unaziacha hivyohivyo." Akalikamua taulo. "Unakula lakini? Sauti yako imekonda."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akilia bila kujificha.

Mwezi uliofuata mkubwa alimletea uwanja mwingine, wenye matundu kumi na moja. Mchoraji aliuliza kuhusu upana wa njia. Mkubwa akasema aache sifuri, kama kwa shangazi yake, kwani imeshathibitika kwamba watu wanapita.

Mchoraji alikaa mbele ya kompyuta hadi chai ikapoa. Kisha akavuta mistari kumi na moja, akaipima mmoja mmoja, akahakikisha yote ni mifupi iwezekanavyo, akaacha sifuri zote, akabonyeza.