Kompyuta Mpya ya Kuruthumu

Kuruthumu alirithi studio ya picha ya baba yake pale Ujiji, pamoja na kompyuta kuukuu iliyonguruma kama mashine ya kusaga. Humo ndimo mlimokuwa na picha za mji: maharusi, watoto wa madrasa, wavuvi waliovaa kanzu za Idi. Kaka yake, Haruna, hakuchoka kumsema.

"Dada, vijana wanakimbilia Kigoma mjini. Kule picha inaingia kwenye simu mtu hajanyanyuka kitini. Wewe bado unawaambia waje kesho!"

Mwishowe Kuruthumu akakubali. Fundi Pastory akaja na kompyuta mpya, akaziunganisha, akaanza kuhamisha picha. Hata robo hazijafika, ile ya zamani ikakwaruza kama jino linalosagika, kisha kimya. Pastory akaizima, akaiwasha, akaifungua.

"Mama, nakala nyingine iko wapi?"

"Si ndiyo ulikuwa unaitoa?"

Pastory akafuta jasho. Diski ilipelekwa mpaka Dar es Salaam. Ilirudi kama ilivyokwenda.

Kompyuta mpya haikuwa na kasoro. Wateja wakarejea, Haruna akatamba mtaani. Kuruthumu yeye, kila mtu mzima akibisha hodi, alihofia amefuata picha ya zamani.

Siku moja aliyebisha alikuwa Bi Asia. Mwanawe, Zubery, alikuwa amezama ziwani, mitumbwi ikamtafuta hadi Bangwe, maiti isionekane.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata picha ya Zubery, ile ya Idi. Simu yake imezama naye. Wenzake nimewauliza, wana picha za samaki tu, na yeye kaonyesha mgongo."

Kuruthumu akageukia kompyuta, akawa anabonyeza na kubonyeza, ingawa alijua hamna kitu. Hatimaye akaacha.

"Mama, nisamehe. Tulipobadilisha mashine, picha za zamani zilipotea. Na yake imepotea pia."

Bi Asia hakulia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akauliza taratibu, "Basi niambie alivyokaa. Wewe ndiye uliyempiga picha."

Kuruthumu akajaribu kumkumbuka. Vijana wa Idi walikuwa wengi, kanzu zote nyeupe. Huruma ikamponza.

"Alisimama wima, mama. Alikuwa anacheka, meno yote nje."

Bi Asia akagusa meno yake ya mbele.

"Zubery alikuwa na pengo hapa mbele. Tangu utotoni hakuwahi kucheka kwenye picha."

Akainuka, akajifunga mtandio vizuri, akatoka. Kuruthumu alitaka kumkimbilia, hakuthubutu.

Haruna aliposimuliwa, alisema watu husahau. Bi Asia hakurudi tena. Akienda sokoni huvuka akapita upande wa pili wa barabara, na Kuruthumu, akimwona, huinamisha uso mpaka apite.