Kitanda cha Zamu Mbili

Nyumba ile ndefu ya vyumba ishirini mstari mmoja, tuliyojengewa wafanyakazi wa kinu cha unga huko Umm Salal, sasa imegeuzwa makumbusho. Wameipaka rangi ya maziwa. Wametoboa madirisha mapana pale tulipopumua kwa tundu lisilozidi ngumi. Katika chumba cha kwanza wanauza kahawa. Sijapata kuona aibu iliyopambwa vizuri namna ile.

Nilikwenda na Hidaya, mtumishi wa nyumbani hapa Doha, binti wa marehemu Bakari wa Tanga. Alitaka jambo moja tu: kuliona jina la baba yake mahali alipolala miaka tisa.

Katika chumba cha saba, kitanda cha chini kilikuwa na kibao cha shaba: Gerishon Mwaniki. Ndimi huyo.

"Na baba yangu Bakari je?" Hidaya akauliza.

Njenga, kijana wa ofisi ya makumbusho, akapekua tableti yake. "Pole, mzee wangu. Daftari la kampuni linasema kitanda kimoja, mtu mmoja. Huyo Bakari hayuko."

"Mimi nilifanya zamu ya mchana, Bakari ya usiku. Nikiondoka mimi, analala yeye. Shuka haikupata kupoa. Sheria ilidai kila mtu na kitanda chake, basi karani akaandika nusu yetu tu. Ninyi mmeuokota uongo wake mkauchonga kwenye shaba."

"Lakini mzee, kibao kina nafasi ya jina moja. Na leo jioni wewe ndiye mgeni wa heshima! Utahutubia wakubwa."

"Wakinywa kahawa?"

"Na keki," akajibu, bila haya hata chembe.

Hidaya akanivuta mkono. "Basi, mzee, tuache. Mimi nimekwishajua alilala hapa."

"Wewe umejua. Hao walaji wa keki hawajajua." Nikamgeukia Njenga. "Nafasi ya jina moja yatosha. Andika Bakari Mbwana. Kabla ya hapo sifungui kinywa."

"Na wewe je, mzee? Utakuwa wapi?"

"Mimi ni hai. Anayenitaka anipigie simu."

Njenga akaenda kutafuta bisibisi, akinung'unika. Hidaya akairuka kamba ya kuzuia wageni, akaketi kitandani, akaliminya godoro.

"Laini," akasema.

"Hilo nalo wamelizua," nikamwambia.